Fataki za Nakuru na Sheria Iliyoandikwa kwa Hofu

Baruti iliingia Bonde la Ufa ikiwa mzigo wa reli. Ujenzi ulioanza Mombasa mwaka 1896 ulifika Nairobi katikati ya 1899, ukateremka ukingo wa Bonde upande wa Kijabe, na mwaka 1900 reli ikapita Nakuru ikielekea milima ya Mau na hatimaye Kisumu, ilikofika Desemba 1901. Mwamba uliokataa sururu ulitobolewa, ukashindiliwa baruti, ukapasuliwa. Vibarua wa kazi hiyo walioletwa kwa mkataba kutoka Bara Hindi walipita 30,000. Nyuma yao wakaja wenye maduka, wakajenga vibanda vya mabati na mbao karibu na stesheni, na Nakuru ilipotangazwa rasmi kuwa mji mdogo mwaka 1904, soko lao lilikuwa tayari limesimama.

Wenye maduka hao ndio walioleta kazi ya pili ya baruti. Diwali huangukia kati ya Oktoba na Novemba, usiku usio na mwezi. Taa huwashwa milangoni, vitabu vipya vya hesabu hufunguliwa, fataki hulipuliwa. Walowezi wa Kizungu waliojitwalia mashamba ya Njoro, Molo, Subukia na Solai nao walikuja na usiku wao, Novemba 5, kumbukumbu ya Guy Fawkes na wenzake walionaswa London mwaka 1605 na mapipa 36 ya baruti chini ya Bunge. Basi jumuiya mbili zisizokaa meza moja, zilizotengwa kwa mitaa, shule na hospitali, zilikuwa na sikukuu za moto katika majira yale yale, mwaka mwingine katika juma moja. Mwafrika, ambaye ardhi ilikuwa yake, aliutazama moto huo kwa mbali, kutoka mtaa wa Bondeni au kutoka kambi ya wafanyakazi shambani. Hakuwa na sikukuu ya baruti, na serikali haikutaka baruti imkaribie.

Sheria iliyosimamia mambo haya ilitoka mbali. Alfajiri ya Oktoba 2, 1874, mashua iliyobeba baruti ililipuka katika mfereji wa Regent, London, ikaua watu watatu waliokuwa ndani yake na kuliporomosha daraja ambalo ilikuwa ikipita chini yake. Juni mwaka uliofuata, wakati Sultani Barghash wa Zanzibar alipokuwa mgeni katika jiji hilo hilo, Uingereza ilipata Sheria ya Vilipuzi ya 1875. Sheria hiyo iliweka pamoja baruti ya migodini, risasi, fataki za kutahadharisha treni kwenye ukungu na fataki za sherehe. Ilikataza kumuuzia baruti mtoto aliyeonekana hajafika miaka 13, na ikamtoza faini anayerusha fataki barabarani. India ikapata sheria yake mwaka 1884. Maafisa waliokuja kutawala Afrika Mashariki, wakiwa na rundo la sheria za India zilizoanza kutumika huku kwa amri ya 1897, walikuwa wamelelewa katika fikra hiyo: fataki ni kilipuzi kwanza, sherehe baadaye.

Fikra hiyo ndiyo iliyorithiwa na Sheria ya Vilipuzi ya Kenya, Sura ya 115. Ukikifungua kitabu cha sheria utaikuta imekaa jirani na Sura ya 114, inayohusu bunduki. Wasimamizi wake ni watu wa madini, ambao makao yao ni Madini House, Barabara ya Machakos, katika eneo la viwanda la Nairobi. Ofisi inayotoa vibali vya kulipulia mawe ndiyo hiyo hiyo inayotoa kibali cha fataki za Mwaka Mpya. Anayeziagiza kutoka ng'ambo anahitaji kibali, anayeuza anahitaji leseni, pa kuziweka lazima pawe pameidhinishwa, na anayeandaa onyesho anahitaji kibali chake mwenyewe pamoja na ridhaa ya polisi.

Mtu anaweza kudhani huu ni ukali wa bure. Ukikata roketi moja ya sikukuu utaona kwa nini sivyo. Ndani ya karatasi ngumu ya rangi mna baruti nyeusi, ile ile iliyojazwa mizinga ya kale: makaa, salfa, na kwa sehemu kubwa chumvi iitwayo potasiamu naitreti. Chumvi hiyo si ngeni huku kwetu. Mashamba ya maua huiyeyusha kwenye maji ya mabomba kulisha mawaridi, na Naivasha ni nchi ya mawaridi. Juu ya baruti kuna vidonge vidogo vyeusi ambavyo ndivyo nyota zenyewe: stronti hutoa nyekundu, bari hutoa kijani, shaba hutoa buluu, sodiamu hutoa manjano. Hata kile kijiti cha cheche anachopewa mtoto kwenye keki ya siku ya kuzaliwa huwaka kwa joto linalopita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na kikiangukia gauni la nailoni hakuna cha kucheka. Mkaguzi wa vilipuzi haoni kivuli anapokiita kitu hiki kilipuzi.

Lakini hofu iliyoikomaza sheria hii Kenya haikutokana na kemia pekee. Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari. Usiku wa Machi 26, 1953, wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, kilomita 70 hivi kutoka Nakuru, wakachukua bunduki na risasi kwa lori na kuwafungulia mahabusu. Baada ya hapo kila kitu kinacholipuka kilikuwa suala la uhai na kifo mikononi mwa Mwafrika wa Bonde la Ufa. Kupatikana na bunduki au risasi bila idhini kulimpeleka mtu kitanzini. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyenyongwa Februari 18, 1957, alihukumiwa kwa kosa la kumiliki bastola na risasi. Katika mji ambao maelfu ya maskwota wa Kikuyu walikuwa wakipakiwa kwenye magari na kurudishwa kwa nguvu mkoa wa kati, mlio mmoja usiku ulitosha kuleta askari mtaani. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960. Mazoea ya serikali ya kuiona baruti kuwa jambo la usalama kabla ya kuwa jambo lingine lolote yalibaki, na nadhani hapo ndipo historia ya fataki zetu ilipopinda.

Agosti 12, 1963, Jomo Kenyatta alikutana na walowezi mjini Nakuru, akawaambia wasahau yaliyopita na wabaki walime. Wengine walibaki. Wengi waliuza mashamba wakaondoka, na Novemba 5 ikaondoka nao. Leo ukimtaja Guy Fawkes kwenye Barabara ya Kenyatta wachache watakuelewa. Diwali ilibaki, hata ikapata nafasi katika Sheria ya Sikukuu kama siku ya mapumziko kwa wenye imani ya Kihindu. Kisha mwaka 1967 zikaja sheria mbili, moja ya uhamiaji na moja ya leseni za biashara, zilizomfungia milango asiye raia. Mwanzoni mwa 1968 familia za Kihindi zilijazana uwanja wa ndege zikiwahi kufika Uingereza kabla sheria mpya ya huko haijawazuia wenye pasipoti za Uingereza. Maduka ya Nakuru yakabadilisha mikono. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki waliishia Leicester, Uingereza, na huko, kwenye Barabara ya Belgrave, wakajenga sherehe ya Diwali ambayo leo inahesabiwa kati ya kubwa zaidi nje ya India.

Nitarudi Leicester baadaye, kwa sababu sheria ya huko ina jambo la kutufunza.

Nakuru nayo haikunyamaza. Watoto wa Langa Langa, Kivumbini na Shabab walijitengenezea fataki zao bila kumwomba mtu kibali. Walikusanya vichwa vya njiti za kiberiti, wakavisaga ndani ya kitundu cha spoku ya baiskeli, wakasukumia msumari na kuupiga ukutani. Mlio wake ulimfanya mama jirani aite jina la mwanawe kwa hasira. Mkesha wa Krismasi waya wa kusugulia sufuria ulichanwachanwa, ukafungwa kwenye kamba, ukawashwa na kuzungushwa hewani hadi cheche zikachora duara gizani. Magurudumu makuukuu yalichomwa barabarani saa sita usiku ya Mwaka Mpya, magari yakipiga honi na makanisa yakitoa waumini wa kesha. Mambo haya yote ni hatari, na hakuna hata moja linalofika mezani kwa mkaguzi wa vilipuzi. Sheria kali kwa fataki ya dukani iliwaacha watoto wa maskini na kiberiti, na kiberiti hakiulizi umri wa mnunuzi.

Wakati huo nchi ilikuwa ikijifunza kuogopa milio. Jioni ya Desemba 31, 1980, watu wakisubiri Mwaka Mpya katika hoteli ya Norfolk, Nairobi, bomu lililipuka na kuua zaidi ya watu 15. Agosti 7, 1998, bomu kwenye ubalozi wa Marekani liliua zaidi ya watu 200 katikati ya jiji. Likaja jengo la Westgate, Septemba 2013, watu 67. Likaja Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, watu 148. Siku kumi tu baada ya Garissa, alfajiri ya Aprili 12, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Novemba mwaka huo, katika Chuo Kikuu cha Strathmore, zoezi la usalama lililotumia milio ya risasi liligeuka taharuki na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Mtu asiyeelewa kwa nini polisi wa Kenya hukunja uso wanaposikia ombi la fataki aisome orodha hii polepole.

Nakuru ina orodha yake. Januari 2008, kufuatia uchaguzi uliozozaniwa, mapigano yalifika mjini tarehe 24 na 25. Wanajeshi wakaingia barabarani, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa, na uwanja wa maonyesho ya kilimo ukawa kambi ya waliofukuzwa makwao. Mwaka mmoja baadaye, Januari 31, 2009, lori la petroli lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, likashika moto huku umati ukichota mafuta. Zaidi ya watu 100 waliungua hadi kufa. Ukiishi katika mji ambao jirani yako alilala hemani kwa sababu ya milio ya usiku, na mwingine alimzika nduguye kwa sababu ya cheche moja, fataki ya ghafla haikupiti kama burudani. Nimewaona watu wazima, watu wa heshima zao, wakishtuka na kushika kitasa cha mlango saa sita kamili ya Mwaka Mpya, kisha wakakaa kimya hadi kelele ziishe. Hao hawana chama wala msemaji, na tunapozungumza juu ya haki ya kusherehekea ni lazima wahesabiwe.

Mwaka huo wa 2009 sheria iliongeza mkono wa pili. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinataja fataki waziwazi, pamoja na ubomoaji na viwanja vya kulenga shabaha, kuwa shughuli zinazohitaji kibali. Kanuni hizo zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na katika makazi ya watu kiwango cha kelele za usiku ni desibeli 35, karibu na mnong'ono. Fataki ikilipuka karibu nawe hupita 120 bila shida. Kwa hesabu hiyo hakuna fataki ya saa sita usiku inayoweza kuwa halali mtaani pasipo kibali. Katiba ya 2010 nayo ikaleta mkono wa tatu: Jedwali la Nne limezipa kaunti udhibiti wa kelele na kero za umma, burudani za umma, na huduma za zimamoto. Vilipuzi vilibaki kwa serikali kuu. Fataki moja inayoruka kutoka ua wa hoteli ya Nakuru ni ya Madini House ikiwa bado kwenye kasha, ya polisi inapowashwa, ya NEMA na kaunti inapolia, na ya wazimamoto wa kaunti ikiangukia paa la jirani.

Ziwa nalo lina haki yake. Hifadhi ya Ziwa Nakuru, iliyofanywa mbuga ya taifa mwaka 1968 na eneo la kwanza la Kenya kuingizwa kwenye mkataba wa Ramsar mwaka 1990, inapakana na mji uzio kwa uzio. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka pamoja na Elementaita na Bogoria katika urithi wa dunia. Heroe wanaolala kwenye maji ya kina kifupi huruka kundi zima wakishtushwa gizani. Sijui ni onyesho gani la dakika kumi linalostahili gharama hiyo, na naona onyesho lolote upande wa kusini wa mji, karibu na uzio, lingekataliwa bila mjadala.

Kisha ukaja ukimya ambao hakuna aliyeutarajia. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, Diwali ya Novemba 14 na mkesha wa Mwaka Mpya zote ziliangukia ndani ya kafyu ya saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri. Makanisa yalimaliza ibada mapema na saa sita ikapita watu wamo ndani. Machi 26, 2021, Nakuru iliwekwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado katika kaunti tano zilizofungwa, kafyu ikianza saa mbili. Rais Uhuru Kenyatta aliondoa kafyu nchini kote Oktoba 20. Wiki mbili baadaye ikawa Diwali. Desemba 1 akaja Nakuru kuikabidhi hati ya kuwa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mwezi mmoja baadaye watu wakauona mwaka mpya wakiwa nje ya nyumba zao kwa mara ya kwanza tangu 2020 uanze.

Jiji lina wajibu ambao mji mdogo uliweza kuukwepa, na Kampala imelipa gharama ya somo hilo. Uganda ina utaratibu ambao polisi huidhinisha kumbi za kurushia fataki za Mwaka Mpya. Hata hivyo, saa chache za kwanza za Januari 1, 2023, katika jengo la biashara la Freedom City, umati uliotoka kwenda kuzitazama ulikwama kwenye njia nyembamba, na takriban watu kumi, wengi wao watoto na vijana, wakakanyagwa na kukosa hewa. Fataki yenyewe haikumchoma mtu. Kibali kilichoangalia baruti pekee, bila kuhesabu milango na watu, hakikuwaokoa.

Ndiyo maana nilitaka kurudi Leicester. Kanuni za Uingereza za 2004 zinakataza fataki kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, kisha zinataja siku za msamaha kwa majina: Novemba 5 hadi saa sita usiku, na mkesha wa Mwaka Mpya, Mwaka Mpya wa Kichina na Diwali hadi saa saba usiku. Aliyefunga duka Nakuru mwaka 1968 akiwa na watoto wadogo ameishi kuona sikukuu yake ikiandikwa katika sheria ya nchi aliyokimbilia. India nako, Oktoba 2018, Mahakama ya Juu iliruhusu fataki za Diwali kati ya saa mbili na saa nne usiku, tena zile zenye moshi mdogo. Nchi zote mbili zinabishana bado, na watu bado huvunja masharti hayo. Lakini mgonjwa anajua kelele zitakoma saa ngapi, na mwenye mbwa anajua amfungie lini.

Sheria yetu mama ya vilipuzi haitaji Diwali wala Mwaka Mpya. Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44, lakini fataki ya sikukuu yao bado inaombewa kibali kama fataki nyingine yoyote, ombi baada ya ombi. Mwenye jina mjini na pesa za kampuni ya maonyesho hupata kibali. Kijana wa Kaptembwa hajui hata aanzie ofisi gani, basi hununua pakiti isiyo na lebo kichochoroni au hurudi kwenye kiberiti na msumari. Hili linaniudhi, kwa sababu hatari kubwa zaidi iko kwake na ulinzi wote uko kwa yule mwingine.

Serikali kuu ibaki na ghala, forodha na leseni. Hapo hofu ina sababu na imeokoa watu. Kaunti nayo itumie mamlaka iliyopewa na Katiba. Iandike saa, tuseme kuanzia saa tatu hadi saa nne usiku wa Diwali na nusu saa ya kwanza ya Januari 1. Itaje viwanja vya wazi vinavyoruhusiwa, mbali na ziwa na mbali na hospitali kuu, kila kimoja kikiwa na gari la zimamoto, milango iliyopimwa na idadi ya watu isiyozidishwa. Itangaze orodha hiyo mwezi mzima kabla, kwenye redio za Kiswahili na Kikuyu na Kikalenjin, ili mama wa mtaa wa Pipeline aliyekimbia mapigano ya 2008 aisikie mapema na apange mahali pa kulala usiku huo.